Libanga la Mama Yangu

Sokoni walikataa kuniuzia samaki. Mimi, mtoto wa mwuza samaki, niliyekulia chini ya meza hizo hizo nikilala juu ya magunia! Nilisimama mbele ya mama mmoja na kikapu changu mkononi, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akafunika samaki wake kwa jani la ndizi. "Wewe? Wewe ulimwanga sombe ya bibi-harusi inje, kuku njo zikakula. Enda, ununue kwa shetani mwenzako!" Wenzake wakacheka, mmoja akanisonya. Sombe hiyo, kisamvu chetu, nilikuwa nimeimwaga Jumapili, kwenye televisheni, mbele ya mji mzima wa Kisangani.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu: mama mkwe mbaya. Nilikuwa binti ambaye hata mchumba sina, nikifungwa matambara kiunoni ili ninenepe, nikipakwa majivu kwenye nywele. Kundi letu la maigizo halikuwa na karatasi za maneno. Asubuhi kiongozi wetu, ambaye sote tulimwita Président, alikuwa anaingia kwenye uwanja wa nyumba tulioazima kule Mangobo, anapiga makofi, anasema: "Bon. Leo muke ya mutoto amepika, mama mukwe hataki. Mukuje, tuanze." Basi, imeisha. Kilichobaki ulikitoa tumboni mwako mwenyewe, na mimi nilikitoa vizuri mno. Watoto walinikimbia barabarani, na kijana mmoja wa toleka, zile baiskeli zetu za kubeba watu, alinishusha katikati ya safari aliponitambua.

Mama alikuwa na meza yake mwisho wa mstari, karibu na mfereji. Samaki wake wa moshi walitoka Yanonge kwa mtumbwi. Siku ile waliponitukana mbele yake alicheka hadi kitenge kikamlegea. "Muko natukana mama mukwe, haiko mutoto yangu," aliwaambia. "Mutoto yangu iko naimba."

Na kweli nilikuwa naimba. Mama alipokuwa akigeuza samaki juu ya moto, alikuwa anavumisha sauti moja puani, isiyo na maneno. Inapanda, inakaa juu kidogo, halafu inashuka taratibu kama mtu anayetua mzigo. Naijua tangu nilipokuwa nabebwa mgongoni kwake. Nilipokua niliitilia maneno, ya mwanamke anayerudi nyumbani na mikono ambayo sabuni haiitoi harufu. Mdogo wake mama, mpiga gitaa ambaye mtaa mzima ulimwita Tonton, akaitafutia gitaa, nasi tukawa na wimbo. Président aliusikia siku moja tukiwa tunapumzika, akaacha kutafuna. "Hii njo générique yetu," akasema, maana yake wimbo wa kufungulia mchezo kila Jumapili. Sikulala kwa furaha.

Sasa lazima niwaeleze watu wa mbali kitu kimoja, msije mkaniona mwendawazimu. Kwetu, mwimbaji akifika mahali ambapo gitaa linachangamka, anataja majina ya watu. Tunaita kutupa libanga. Mkubwa wa ofisi, mfanyabiashara, yule aliyekununulia viatu: ukimtaja, jina lake litaishi kadiri wimbo utakavyoishi. Kuna wanaume hapa wangeuza kitanda wanacholalia ili watajwe. Mimi nilitaka libanga moja tu kwenye wimbo huo. Nilitaka la mama.

Tulirekodi kwenye chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani, joto la kukaanga mtu. Nilipofika mahali pa libanga nikaita jina la mama kwa sauti yote niliyokuwa nayo, nikaongeza: mwuza samaki, binti wa maporomoko, yale ya mto wetu. Tonton alifumba macho akapiga gitaa hadi fundi wa mashine akatikisa kichwa. Njiani kurudi nilijiapiza kwamba sitamwambia mama neno, asikie mwenyewe Jumapili. Aka! Nilikuwa sijafika hata mlangoni nimeshamwambia yote.

Jumapili hiyo mama aliwaita majirani wote kwa jirani mmoja mwenye televisheni. Alivaa liputa yake mpya, kitenge cha maua ya manjano alichokuwa amekitunza kwa ajili ya harusi yangu. Akakata limau akajisugua mikono, kidole kimoja kimoja, ili harufu ya samaki itoke, kana kwamba televisheni ingemnusa. Nilimtania, "Mama, si wewe utakayeonekana, ni jina." Akanijibu kwamba jina lake halikuwahi kwenda popote, basi liende likiwa safi.

Wimbo ukaanza. Sauti ilikuwa yangu, wazi kabisa, lakini kwenye picha kulikuwa na msichana mwingine, amesimama ukingoni mwa mto anachezesha midomo. Nilimjua. Alikuwa mgeni kwenye kundi, mzuri wa sura, asiyeweza kuimba hata akiwa anaoga, na Président alikuwa amemtamani tangu siku ya kwanza. Baadaye alimwoa. Moyo ulinipasuka, lakini nikajiambia haidhuru, sauti ni yangu, na mama anaijua. Mama alinifinya goti. Gitaa la Tonton likachangamka. Mama akainua kidevu, akatengeneza kitambaa cha kichwa, na mahali pale pale pa jina lake likaja jina la Président.

La Président mwenyewe! Kwa sauti ya yule msichana, nyembamba kama ya mbu, limebandikwa juu ya la mama.

Jirani mmoja akajifanya anakohoa. Mama akashusha kidevu chake polepole, akasema, "Pengine mashine ilikosa." Akatazama mchezo wote, akanitazama mimi namwaga vyakula vya watu, hadi yakaja majina ya waigizaji mwishoni. Mama hakujua kusoma, akamwomba mtoto wa jirani amsomee, labda jina lake wameliweka huko. Halikuwepo. Kwenye mstari wa mwimbaji waliandika yule msichana.

Kesho yake nilimkuta Président uwanjani anakula kwanga, mkate wetu wa muhogo, na bakuli la samaki wa mchuzi. Sikumsalimu. "Président, ulitosha jina ya mama yangu, ukaweka yako."

"Eeh, nilitosha." Hakuacha kutafuna.

"Kwa nini?"

"Mama yako, nani anamujua? Libanga iko ya bakubwa. Unataka tutaje bauza samaki bote ba Kisangani? Donc tutamaliza saa ngapi?"

Wenzangu wakacheka, hata wale waliokuwa wamekula kwa mama bure. Haki ya Mungu, mkono wangu ulishika lile bakuli la mchuzi. Niliona kabisa mchuzi unavyomtiririka kwenye shati lake jeupe. Nikaliachia. Mpaka leo mkono huu wa kulia unanidai lile bakuli.

Najua mtaniuliza kwa nini nilibaki kwenye kundi. Nilibaki kwa sababu ya lile neno la mama, kwamba mashine ilikosa. Kama ningeondoka, angejua kwamba haikukosa. Nilimwambia wataitengeneza, avumilie kidogo. Basi kila Jumapili mama alikata limau, akajisugua mikono, akaenda kwa jirani kukaa mbele ya televisheni. "Leo watalisema?" aliniuliza. Nikamjibu labda. Baadaye akaacha kuniuliza, lakini limau hakuliacha. Nami kila wiki nilikwenda kumwomba yule mtu, kwa upole, kwa machozi, hata kwa kumpelekea samaki, naye akinipigapiga begani ananiambia tutaona, tutaona. Samaki alikula.

Mama alikufa wakati wa mvua, kwa ugonjwa wa kifua ambao moshi ulikuwa umeuanza zamani. Jumapili yake ya mwisho hakuweza kuinuka. Alinituma niende kwa jirani nikasikilize badala yake. Nilikwenda, nikasimama mlangoni, nikasikia lile jina likipita tena mahali pake. Niliporudi aliniuliza kwa macho tu. Sikuweza kudanganya tena, na ukweli sikuweza kuusema. Nikachukua limau nikamsugua mikono.

Kwenye matanga, Président alikuja. Alikaa mbele kabisa, kiti cha plastiki peke yake, miwani myeusi, akatoa hotuba kuhusu mama ambaye jina lake ilibidi aulize kwa mtu aliyekaa karibu. Nilimsikia akiuliza! Na alikuja na mtu wake wa kamera. Nilidhani ni heshima, kwamba wanapiga picha za ukumbusho wa familia. Mimi nilikuwa chini, juu ya mkeka, nimevua kilemba, nalia kilio ambacho mtu analia mara moja tu maishani.

Wiki chache baadaye nilikuwa sokoni. Yule yule mama aliyewahi kunifunikia samaki alinikumbatia. "Ulilia muzuri, mama mukwe! Hata mie nililia. Sasa umetubu, tumekusamehe." Sikumwelewa. Akanieleza kwamba Jumapili mchezo uliisha kwa mama mkwe mbaya kujutia dhambi zake, amelala juu ya mkeka, kamasi zinamtoka, anamwita mama yake. Lakini jina nililokuwa naliita halikusikika, alisema, kwa sababu waliweka muziki juu.

Nilikaa chini palepale, kati ya ndoo za samaki. Mara mbili! Mara mbili yule mtu alichukua jina la mama kutoka mdomoni mwangu na kulifunika. Nilimlaani kwa Kiswahili, nikamlaani kwa Kilingala, na Kifaransa kidogo nilichokuwa nacho nikakimaliza chote juu yake. Uwanjani kule Mangobo sikukanyaga tena.

Tangu hapo niliimba. Mimi na Tonton tulikusanya vijana wa ngoma na gitaa la besi, tukaimba harusi, tukaimba sherehe za wanafunzi wanaomaliza chuo, tukapanda boti hadi Basoko kuimba kwa wafanyabiashara wa mtoni. Nilitupa mabanga ya watu wengi nisiowajua, wakafurahi, nikala. Kidogo kidogo watu wakaanza kusema, kumbe sauti ya ule wimbo wa Jumapili ni hii. Lakini wimbo wenyewe niligoma kuuimba, hata waombe vipi. Chuki yangu niliifuga kama kuku: asubuhi naifungulia itembee, jioni naifungia isije ikaibwa. Tonton aliniambia nitaugua. Nilimwambia mimi sijawahi kuwa na afya nzuri hivi.

Halafu siku moja akaja mke wa Président, yule msichana wa midomo, sasa mwanamke mzima aliyejaa, bangili hadi kwenye kiwiko. Mume wake alikuwa anaandaliwa karamu kubwa ya kusherehekea kazi yake ya maisha, wakubwa wa jimbo watakuja, na wote wanataka wimbo wa Jumapili, mubashara, siyo wa mashine. Alitazama chini. "Yaya," akaniita, kama dada yake mkubwa, "unajua mie siwezi."

"Najua," nikasema. "Nitakuja."

Alishtuka nilivyokubali haraka. Tonton alishtuka zaidi. Alipoondoka, Tonton alinigeukia, gitaa kwenye paja. "Mutoto ya dada yangu, usiende kufanya fujo."

"Fujo gani, Tonton? Mie naenda kuimba."

Ilikuwa Jumamosi mchana. Nilivaa ile liputa ya maua ya manjano. Nyumbani, kabla ya kutoka, nilikata limau nikajisugua mikono, na Tonton aliponiona hakusema tena habari ya fujo. Ukumbi ulijaa. Président alikaa mbele, kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe, amezeeka, tumbo limetangulia, mkewe pembeni. Nyuma, uwanjani, walikuwa wanawake wa sokoni walioletwa kupika. Harufu ya samaki wa moshi iliingia hadi kwenye jukwaa. Nikaivuta puani, nikashika maikrofoni.

Nikaimba. Sitajisifu, waliokuwepo wapo, waulizeni. Sauti ilipanda, ikakaa pale juu, ikatua. Wakubwa waliacha simu zao. Président alifumba macho akitikisa kichwa, kama vile yeye ndiye aliyegeuza samaki motoni. Gitaa la Tonton likachangamka, watu wakainuka, na yeye akafumbua macho, akajiweka sawa kwenye kiti, akainua kidevu. Lo! Vile vile alivyokiinua mama. Nilisubiri kipite kipindi kidogo ili akiinue vizuri.

Nikaita jina la mama. Mwuza samaki. Binti wa maporomoko.

Alitabasamu. Alidhani ni la kwanza tu, lake linafuata. Nikaita tena jina la mama. Tabasamu likabaki, lakini macho yakaanza kutafutatafuta. Nikaita tena. Basi akafanya wanavyofanya wakubwa wetu: akatoa noti mfukoni, akaja jukwaani akinengua kiuno, akanibandika noti kwenye paji la uso. Kila mtu Kisangani anajua maana yake. Ukibandikwa, unamtaja aliyekubandika, papo hapo, bila kuuliza. Nikamtazama usoni, nikamchekea kwa meno yote, nikaita jina la mama.

Ukumbi ukacheka, wakidhani ni mzaha wa wasanii. Akabandika nyingine. Nikaita jina la mama. Akabandika shavuni, akabandika begani, jasho linamtoka, na kadiri alivyobandika ndivyo nilivyomwita mama, kwa sauti ya juu zaidi. Ndipo kutoka nyuma nikasikia, "Yeee!" Wale wanawake wa sokoni walikuwa wameacha sufuria, wamesimama mlangoni na miiko mikononi. Walimjua mama. Walikaa naye mstari mmoja. Kila nilipotaja jina lake waliitika, na baada ya muda ukumbi wote ukaitika nao, wakubwa na wake zao, hata polisi wa mlangoni. Tonton alikuwa analia na hakukosea nyuzi hata mara moja.

Président aliniinamia sikioni. "Nitaje basi," akasema. "Nakuomba. Mara moja tu."

Nikaweka maikrofoni mbali na mdomo, kwa adabu. "Président, libanga iko ya bakubwa."

Alinielewa. Niliona anavyonielewa, kwanza kwenye macho, halafu mdomoni. Alirudi kwenye kiti chake na noti zilizobaki mkononi, na hakuna aliyemtazama, kwa sababu wote walikuwa wanacheza kwa jina la mama yangu. Nilisikia utamu ambao sijaupata kwenye asali, wala kwa mwanamume, wala kanisani, Mungu anisamehe. Nikauongeza wimbo ukawa mrefu ili niendelee kuuonja.

Vijana walirekodi kwa simu. Wimbo wa mashine umesahaulika. Unaopigwa sasa kwenye harusi, kwenye maboti, kwenye maduka ya simu, ni ule wa siku ile, pamoja na kuitika kwa wale wanawake. Watoto wa kule Kapalata wanauimba wakiruka kamba, na mahali pa libanga wanaita kwa nguvu jina la mwanamke ambaye hawakumwona. Nani anamjua? Wote, bwana. Wote.

Majuzi yule mke amekuja tena. Bangili hana. Président ameanguka ugonjwa, upande mmoja umelala, maneno hayatoki vizuri. Amesikia kwamba naandika habari za maisha yangu. Mkewe alikaa kwenye ukingo wa kiti, akazungusha kikombe cha chai bila kunywa.

"Yaya, anaomba umutaje ndani ya kitabu. Hata kwa mabaya. Andika alikuwa mwizi, andika alikuwa nyoka, lakini weka jina yake."

Nilisubiri huruma ije. Nilisubiri kweli, siyo utani. Hata chai ilipoa. Haikuja.

"Kitabu yangu haitakuwa na jina hata moja," nikamwambia. "Ya mutu yeyote."

"Hata ya mama yako?"

"Mama haiko na lazima ya kitabu."

Kisha akainuka, akajifunga liputa upya, akaenda mlangoni kuvaa viatu. Ameinama hivyo, anahangaika na kamba ya kiatu, akaanza kuvumisha puani, bila kujua, kama mji mzima unavyofanya siku hizi. Ikapanda, ikakaa juu. Ikafika mahali pa libanga, na mdomo wake, ule ule uliochezeshwa ukingoni mwa mto, ukatamka jina la mama yangu, kwa sauti, vibaya kabisa, nje ya muziki. Akashtuka. Akajiziba mdomo kwa mkono akanigeukia.

"Usinyamaze," nikamwambia. "Ukifika nyumba, umuimbie na yeye."